Fundi, Rudisha Hiyo Flashi Mfukoni

Watu wa Getembe, Suneka, Keroka, Nyamira, na nyinyi mlioko Nairobi mnaojifanya hamjui ndizi inamenywaje. Leo sichekeshi mtu. Leo nataka tugombane kuhusu kitu kidogo kinachoning'inia kwenye funguo za mafundi wengi wa kompyuta hapa mjini: flashi.

Mnaijua hiyo flashi. Unanunua laptopu ya mitumba, ile iliyostaafu kwenye ofisi fulani Uingereza, na kabla hujaitia kwenye begi unaulizwa, "Nikuwekee programu?" Unakubali. Fundi anachomeka flashi, anazima kinga ya virusi, anafungua folda iliyoandikwa KRAKI, anabonyeza mara mbili, anangoja, anatabasamu. Umepata ya kuandika, ya kuchora posta, ya kukata video na ya kutengeneza biti, zote kwa bei ya chakula cha mchana. Unaenda nyumbani ukijiona mjanja.

Msimamo wangu ni huu na sitaulegeza: hiyo si bure, na wewe si mjanja. Umelipa, ila bili haijafika. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kuna njia nyingine. Ni halali, haina malipo, inaendeshwa kwa amri chache za kuandika, na hata haitulazimishi kuacha tabia yetu ya kupeana vitu kwa flashi. Inaitwa Flatpak na inaishi kwenye Linux. Nitafika huko. Kwanza tumalizane na kraki.

Jiulize swali moja tu. Kwa nini lazima kinga ya virusi izimwe kwanza? Mtu akija kwako usiku akuambie "fungia mbwa kabla sijaingia," utamkaribisha chai? Kraki ni programu iliyoandikwa na mtu usiyemjua, iliyopita mikononi mwa watu usiowajua, na unaipa ruhusa ya mwenye nyumba. Inaweza kusoma kila faili, kufungua kila folda na kuongea na intaneti bila kukuuliza.

Na haya si maneno ya kutisha watoto. Kuna familia ya virusi inayoitwa STOP, wengine huiita Djvu, iliyosambaa duniani kupitia kraki na programu za kutengeneza namba za leseni. Inafunga picha zako, kazi zako na video zako zote, halafu inakuachia barua ya kudai pesa. Kuna nyingine kama RedLine ambazo hazifungi kitu. Zenyewe zinaingia polepole, zinakusanya pasiwadi ulizohifadhi kwenye kivinjari, zinachukua na vile vipande vya data vinavyoonyesha kwamba tayari umeingia kwenye akaunti, kisha zinatuma kwa wenyewe. RedLine ilikuwa biashara kubwa kiasi kwamba Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi na wenzao wa nchi nyingine waliungana kuangusha mitambo yake.

Wewe unayeniambia "mimi sina kitu cha kuibiwa," hebu fungua kivinjari chako. eCitizen imo. HELB imo. KRA imo. Barua pepe imo, na hiyo barua pepe ndiyo ufunguo wa kila kitu kingine. Kama unatengeneza video kama mimi, chaneli yako imo. Machi 2023 chaneli ya Linus Tech Tips, yenye wafuasi zaidi ya milioni 15, ilitekwa baada ya mfanyakazi mmoja kufungua faili lililojifanya hati ya kawaida. Hawakuhitaji pasiwadi. Waliiba kile kipande cha kivinjari kinachosema "huyu ameshaingia." Ikiwa kampuni nzima ya watu wa kompyuta ilipigwa hivyo, wewe na wafuasi wako 900 mko salama kwa nini hasa?

Sasa nieleze tatizo lenyewe kwa lugha ambayo kila mtu wa huku anaielewa: Probox.

Kompyuta ya kawaida ni Probox ya Kisii kwenda Keroka siku ya soko. Watu kumi, kuku wawili, gunia la ndizi, na mtu anayekalia nusu ya kiti cha dereva. Kila mtu yuko kwenye mfuko wa kila mtu. Mmoja akiwa mwizi, hakuna haja ya kuvunja kitu. Ananyoosha mkono tu. Ndivyo programu zinavyoishi kwenye akaunti yako. Mchezo ulioweka jana unaweza kusoma folda ya picha za kitambulisho chako leo, kwa sababu wote wamepanda gari moja.

Flatpak inabadilisha mpangilio wa viti. Kila programu inafungiwa kwenye kisanduku chake. Kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo, ina uwezo wa kuionyesha kila programu dunia yake ndogo, na chombo kinachoitwa bubblewrap ndicho kinachojenga kuta za dunia hiyo. Programu inaamka na kujikuta chumbani. Inaona vitu vyake, na vya kwako inaona vile tu ilivyoruhusiwa. Data yake yote inakaa sehemu moja, kwenye folda ya ~/.var/app, si kutapakaa kama maganda ya miwa stendi.

Unapotaka kuipa faili, kuna dirisha. Firefox ya Flatpak, kwa mfano, inaanza ikiwa na ruhusa ya folda ya vilivyopakuliwa, si nyumba nzima. Ukitaka kupandisha cheti chako cha KCSE kilicho kwenye folda nyingine, mfumo wenyewe unakufungulia kidirisha cha kuchagua, unachagua cheti, na cheti hicho kimoja ndicho kinachopitishwa. Folda nzima haijaonekana. Dereva amepokea nauli kwa dirisha, hajaingia kwako kuhesabu akiba.

"Sawa, lakini si kuna duka la kubonyeza? Mambo ya kuandika amri ni ya mahaka." Hapo ndipo mnaponikera. Duka lipo, na ukitaka libonyeze. Mimi nakuambia uandike kwa sababu amri inakueleza mambo ambayo kitufe cha kijani kinakuficha. Tazama. Kama una Linux Mint, Flatpak imo tayari. Kama una Ubuntu, unaiongeza hivi, halafu unaunganisha na Flathub, ghala kuu la programu zake:

sudo apt install flatpak

flatpak remote-add --user --if-not-exists flathub https://dl.flathub.org/repo/flathub.flatpakrepo

Kisha unataka ya kukata video:

flatpak install --user flathub org.kde.kdenlive

Kabla haijachukua kitu, inasimama. Inakuorodheshea ruhusa ambazo programu inaomba: mtandao, sauti, mafaili yapi. Inakuonyesha kila kipande na ukubwa wake. Halafu inauliza ndiyo au hapana. Soma tena hiyo sentensi. Kuna mtu amewahi kukuuliza kabla ya kukuwekea kraki? Hapa unaambiwa bei kwa megabaiti na unaambiwa mgeni anataka kuingia vyumba vipi, ukiwa bado umeshika mlango.

Na hilo neno --user si pambo. Linaweka programu kwenye akaunti yako peke yako, bila pasiwadi ya msimamizi. Kwenye kompyuta ya chuo au ya ndugu yako mkubwa, huna haja ya kumwomba mtu ufunguo wa mashine nzima ili upate Inkscape ya kuchora nembo.

Baada ya hapo kuna amri chache za kuzoea, na ukizijua hizi umeshapita watu wengi wanaojiita "watu wa IT":

flatpak list
flatpak info --show-permissions org.videolan.VLC
flatpak update
flatpak uninstall --unused

Ya kwanza inakuonyesha kilichomo. Ya pili inakuonyesha kila ruhusa ambayo programu inadai. Ya tatu inasasisha, na inapakua hasa sehemu zilizobadilika. Ya nne inafagia mizigo ambayo hakuna programu inayoitumia tena, ili diski yako ndogo ipumue.

Sasa nawasikia. Hoja ya kwanza ni bando, na ni hoja ya kweli. Sitajifanya sijui tunaishi wapi. Programu ya Flatpak inakuja na msingi wake, ile mizigo ya pamoja inayohitaji ili ifanye kazi, na msingi huo ni mamia ya megabaiti. Mtu anaweka kikokotoo kidogo anaona tarakimu zinazotosha kutazama filamu. Wale wanaowahubiria Flatpak wakiwa na waya wa faiba nyumbani wanasahau sehemu hii, na ndiyo maana hamuwaamini. Mna haki.

Lakini maliza hesabu. Msingi mmoja unatumiwa na programu nyingi. Ukishaweka programu moja inayotumia msingi wa KDE, inayofuata inayotumia toleo lilelile haiulipii tena. Kama hutaki programu fulani ijisasishe kila mara na kukumalizia bando, unaifunika:

flatpak mask --user org.kde.kdenlive

Na hapa ndipo nilipokuwa nataka tufike, kwa sababu hapa ndipo flashi inarudi, ila ikiwa imeoga.

Flatpak inajua kunakili programu kwenye flashi. Imo ndani yake, si ujanja wa mtu. Kazi hiyo ilisukumwa sana na watu wa Endless, waliotengeneza mfumo wa Linux kwa ajili ya shule na nyumba zenye intaneti haba. Yaani kuna watu walikaa chini wakafikiria mtu kama sisi. Mmoja wenu mwenye intaneti nzuri anapakua mara moja. Nyote wawili mnaweka utambulisho wa ghala na kusasisha:

flatpak remote-modify --user --collection-id=org.flathub.Stable flathub
flatpak update --user

Kisha aliye na programu anachomeka flashi na kuandika, akiweka jina la flashi yake:

flatpak create-usb --user /media/jina/FLASHI org.inkscape.Inkscape

Inanakili programu pamoja na msingi wake. Anakuletea Mwembe, Nyanchwa au popote unapolala, na wewe unaandika:

flatpak install --user --sideload-repo=/media/jina/FLASHI/.ostree/repo flathub org.inkscape.Inkscape

Umeweka programu nzima na bando lako halijaguswa kwa ajili ya ule mzigo mkubwa.

"Si hiyo ni flashi ya fundi tu?" Hapana, na tofauti yake ndiyo kiini cha ugomvi wangu wote. Programu za Flathub zimetiwa sahihi ya kidijitali. Flatpak kwenye mashine yako inakagua sahihi hiyo hata kama mzigo umekuja kwa flashi. Fundi akiuchezea, akapachika kitu chake ndani, sahihi haitalingana na mashine itaukataa. Huhitaji kumwamini fundi kwa sababu ni binamu yake mama, au kwa sababu anavaa kola. Flashi ya kraki inakuambia, "Niamini mimi." Flashi hii inakuambia, "Usiniamini, nikague." Sisi hatukuwa na ubaya wa kupeana kwa flashi. Kupeana ni utu wetu. Ubaya ulikuwa kupeana vitu visivyokaguliwa.

Hoja ya pili: "Photoshop haiko huko." Kweli haiko. Kama umeajiriwa mahali wanakudai faili la Photoshop, mwajiri akulipie leseni. Hiyo ni kazi, si harambee. Lakini tuseme ukweli, wengi wenu mnatengeneza posta ya mazishi, posta ya disko matanga na video ya sekunde 40. GIMP inatosha. Inkscape inatosha. Kdenlive na Audacity zinatosha. Anayechonga jiwe pale Tabaka hangojei patasi ya bei ya gari ndipo aanze kuchonga.

Hoja ya tatu inatoka kwa wajuaji wa Linux wenyewe, na hii naiheshimu: kisanduku kina mianya. Ni kweli. Programu inaomba ruhusa zake yenyewe, na nyingine zina tamaa. LibreOffice na VLC zimekuwa zikiomba kuona karibu mafaili yako yote. Kisanduku chenye mlango wazi ni kibanda tu. Na ukitumia mfumo wa zamani wa kuchora skrini, X11, ambao Mint bado inautegemea, programu iliyoruhusiwa kuugusa inaweza kuchungulia unachoandika kwenye madirisha mengine. Pia ghala lenyewe si peponi. Februari 2024 mtu mmoja alipoteza bitcoin 9 kwa programu bandia ya pochi ya Exodus iliyokuwa kwenye Snap Store, ghala la Canonical la mfumo unaofanana na huu. Kisanduku hakikumsaidia, kwa sababu aliandika maneno yake ya siri ndani ya kisanduku cha mwizi.

Kwa hiyo simwambii mtu alale. Angalia kama programu ina alama ya kuthibitishwa na mtengenezaji pale Flathub. Na pale ambapo programu imeomba kupita kiasi, mnyang'anye. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwenye mambo ya kuandika amri:

flatpak override --user --nofilesystem=host --filesystem=xdg-videos:ro org.videolan.VLC

Hapo umeiambia VLC: folda ya video utaiona, utaisoma tu, hutaandika humo, na kwingine sahau. Kama hutaki iongee na mtandao kabisa, unaongeza --unshare=network. Umewahi kuiambia kraki hivyo? Udhaifu wa Flatpak unaweza kuusoma kwenye orodha na kuupunguza kwa mkono wako. Udhaifu wa kraki unaujua siku picha za harusi ya mteja zimefungwa.

Sasa nigeuke kwa wenye saiba, na hapa naongea kwa heshima kwa sababu wengi wenu ni wazazi wetu. Wazee wangu, msimu wa KUCCPS foleni inatoka nje ya mlango. Mtoto anaketi, anaandika namba ya mtihani, namba ya kitambulisho, pasiwadi. Anaondoka. Anayefuata anafungua kivinjari na kukuta akaunti ya mwenzake iko wazi. Kuanzia 2019 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Data, lakini hata bila sheria, huyo ni mtoto wa jirani. Ukiwa na Firefox ya Flatpak, kumbukumbu zake zote zinakaa kwenye folda moja. Mteja akiondoka, funga kivinjari, futa folda hiyo:

rm -rf ~/.var/app/org.mozilla.firefox

Na ufagie folda ya vilivyopakuliwa. Sekunde kumi. Anayekuja anakuta meza safi. Mnafuta meza ya chai baada ya kila mteja. Hii nayo ni meza.

Na nyinyi mafundi. Sisemi mfunge duka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuisaidia Windows 10 kwa kawaida, na laptopu nyingi za mitumba mnazouza zina prosesa za kabla ya kizazi cha nane cha Intel, ambazo Windows 11 haizikubali rasmi. Mnaendelea kuwawekea watu mfumo usiozibwa matundu, halafu juu yake mnamwaga kraki. Hiyo ni kuuza nyumba isiyo na paa na kumpa mwizi ufunguo wa mlango. Linux Mint inatosheka na RAM ya GB 4. Weka Mint, weka Flatpak, jaza flashi moja kwa create-usb, na utoze ada ya kazi yako ile ile. Mteja anakulipa kwa ujuzi wako, si kwa wizi wa mtu mwingine.

Mwisho, wewe msomaji uliyefika hapa chini. Usiniambie "nitajaribu." Wikendi hii kaa na mwenzako mmoja, laptopu mbili na flashi moja tupu. Mmoja apakue, mwingine apokee. Mkimaliza, andikeni flatpak info --show-permissions kwa kila programu mliyoweka na msome kwa sauti inataka nini nyumbani kwenu. Halafu siku fundi atakapochomoa ile flashi yake na kusema "ngoja nizime kinga ya virusi kwanza," mwulize mbele ya wateja wengine: kwa nini?